Matembezi ya kusaka wanyama waliojificha Karura: pesa imetoka, macho yamefunguka, lakini kuna maneno

Nianze na jibu, kama haya matembezi ya msitu wa Karura hapa Nairobi yanafaa pesa, kwa wale hawana muda wa kusoma yote. Enda, lakini enda asubuhi, enda na kikundi kidogo, na kati ya waongozaji wao wawili uombe mapema upewe yule dada, si yule mzee. Mzee anajua stori, dada anajua wadudu. Mimi nawapa nyota tatu na nusu kwa tano na hiyo nusu ni ya dada peke yake.

Jina la kampuni siweki hapa kwa sababu huko chini nina lawama kadhaa na sitaki vita ya mtandao na mtu anayetafuta riziki yake. Nataka tu kusema huduma ya aina hii ikoje, juu naona sai watu wengi wanaanza kuuza matembezi ya msituni Nairobi na wengi wanakupitisha tu kwa njia ya baiskeli wanakwambia "huu ni mti" halafu wanaomba tip.

Mpango wenyewe ni hivi. 2,500 bob mtu mzima, mtoto nusu bei, kiingilio cha msitu unalipa kando kivyako, mnakutana geti ya Limuru Road saa moja asubuhi (matatu ya Ruaka inakushusha karibu kabisa, usisumbuke na teksi) na mnatembea masaa matatu hivi. Usiku uliotangulia wanakutumia ujumbe WhatsApp: vaa kijani au khaki, viatu vya kufunga, usijipake marashi, na mstari wa mwisho kwa herufi kubwa, MSIVAE JUNGLE ZA JESHI. Nilicheka sana, yaani mnaenda kusoma kamoflaji, hizo mbinu za wanyama kujificha, na nguo pekee ya kamoflaji ndiyo hairuhusiwi, lakini kila Mkenya anajua hiyo jaketi inaweza kukuzalia kesi kabla hata hujafika Parklands kwa hivyo nikaona hawa watu angalau wana akili.

Sasa kitu ambacho kilinifanya nione pesa haijapotea. Mita chache tu kutoka pale getini dada alitusimamisha kando ya kichaka cha kawaida kabisa, majani yake ukiyasugua yananukia kama ndimu maana ni wa jamii hiyo hiyo, akasema hapa kuna mnyama na hatuendi popote hadi mtu amuone. Tukaangalia weee. Mtu akasema nzi, mtu akasema hakuna kitu hapo ni biashara tu. Mtoto wangu akanyoosha kidole kwa jani moja akasema hapo kuna mavi ya ndege. Dada akatabasamu: "Mama, mwambie aangalie tena hayo mavi, lakini asiguse."

Ilikuwa kiwavi. Kadogo, hakafiki hata urefu wa kucha ya kidole cha mwisho, rangi ya hudhurungi karibu nyeusi, na katikati amepakwa doa jeupe lisilo na mpangilio vile uchafu wa ndege hukaa, na ngozi yake inang'aa kama kitu kilichoanguka dakika mbili zilizopita na bado hakijakauka. Na hajajificha chini ya jani hata kidogo, amelala juu, peupe, kwa jua, amejikunja kidogo. Huyu ni mtoto wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano ambaye unamuona Nairobi yote, kwa kitabu ni Papilio demodocus, na anakula majani ya ndimu na machungwa kwa hivyo kama una mti wa limau kwa ploti yako hauna haja ya kulipa 2,500, toka nje uangalie. Ndege anamuona vizuri sana, shida ni kwamba anaona kitu ambacho hataki kukula, na hapo ndipo nilielewa kwamba kujificha si lazima usionekane, inatosha uonekane na usidhaniwe chakula.

Halafu kwa tawi la pili kulikuwa na ndugu yake mkubwa, huyo sasa ni kijani kibichi na mistari ya kahawia ya kushuka ubavuni inayomkata vipande ili jicho lisipate mwili mzima. Kwa sababu hakuna ndege wa kudondosha mzigo wa ukubwa huo, kiwavi akishanenepa lazima abadilishe mbinu. Dada akamgusa mgongoni na ncha ya nyasi na papo hapo nyuma ya kichwa ikachomoka pembe laini ya rangi ya machungwa, imegawanyika mbili, na harufu kali ikatupiga sisi wote. Hiyo ni mbinu ya mwisho kama ya kwanza na ya pili zimeshindwa. Watu wakaacha kusema ni biashara.

Baada ya hapo akatupa maagizo ambayo nayashika hadi leo. Msitafute rangi, akasema, rangi ndiyo wamewashinda nayo. Tafuteni kivuli, tafuteni kitu chenye pande mbili zinazofanana sana kwa mti ambao hauna mambo ya kufanana, na tafuteni kitu kinachotikisika wakati hakuna upepo ama kimetulia wakati kila kitu kinatikisika. Kwa hiyo hesabu tu mtoto wangu alipata nondo kwa gome la mti ambalo mimi nilikuwa nimeliegemea! Alikuwa ametandaza mbawa zake zimekaa bapa hadi kivuli chake kimeisha, na mistari yake inaenda na nyufa za gome.

Ndani zaidi tukaona paa, wale wadogo wa msituni, alisimama tu. Hakukimbia. Mgongo wa kahawia tumbo jeupe, na dada akaeleza kwa haraka kwamba jua linaangaza mgongo na kutia tumbo kivuli, sasa mnyama akiwa mweusi juu na mweupe chini hizo mbili zinafutana na mwili unaonekana bapa. Mtu wa kwanza kuandika hiyo vizuri alikuwa mchoraji wa Marekani, Abbott Thayer, mwaka wa 1896. Nilienda kumsoma baadaye na huyo Thayer alipenda wazo lake kupita kiasi, akafika mahali anasema hadi flamingo ni wa pinki ili afanane na anga la machweo, na aliyemjia juu kwa maandishi mwaka wa 1911 ni Theodore Roosevelt, yule rais mstaafu wa Marekani aliyekuja kuwinda hapa kwetu 1909. Mtu yeyote amewahi kwenda Nakuru anajua flamingo hajafichika na mtu, pinki yake inatoka kwa chakula.

Tuje kwa vipepeo maana hapo ndipo dada aliwaka. Karibu na mto kulikuwa na wawili wanaruka chini chini. Mmoja wa rangi ya maziwa na manjano, ukingo mweusi, mikia mirefu nyuma, mwingine mweusi na mabaka meupe, bila mkia. Ungeulizwa ungeapa ni kabila mbili. Kumbe ni dume na jike, Papilio dardanus, na si hiyo tu, majike wenyewe hawafanani, kuna wale wa mweusi na mweupe wanaomuiga kipepeo mmoja mwenye sumu na kuna wale wa rangi ya machungwa wanaomuiga mwingine kabisa. Wote ni aina moja, mama mmoja anaweza kuzaa wa sura tofauti.

Yule anayeigwa wa rangi ya machungwa mnamjua, Danaus chrysippus, ncha za mbawa nyeusi na nukta nyeupe, anaruka polepole kama mtu hana deni. Hana haraka kwa sababu akiwa kiwavi alikula ile mimea ya utomvu mweupe yenye sumu ya moyo na sumu ikabaki mwilini. Ndege mchanga akimjaribu anatapika na anakumbuka, na kuanzia hiyo siku chochote chenye rangi hiyo anakiacha. Sasa yule mwingine ambaye hana sumu yoyote amevaa sare ya mwenye sumu, anakula vizuri bila gharama. Mwingereza Henry Bates ndiye alieleza hii mwaka wa 1862 baada ya kukaa Amazon miaka 11, na hadi leo uigaji wa aina hiyo unaitwa kwa jina lake.

Niliuliza swali ambalo nadhani kila mtu angeuliza, mbona basi majike wasichague sare moja tu ile bora wamalize? Dada akajibu kwa swali: noti feki zikiwa nyingi kuliko halali, nani atakubali noti? Ndege akikula watatu mfululizo wakawa watamu atajua ile rangi ni maneno matupu, na hapo wote wanaumia, hata yule mwenye sumu ya ukweli. Kwa hivyo waigaji lazima wabaki wachache kuliko wanaoigwa, na njia moja ya kubaki wachache ni kujigawa kwa sare kadhaa. Mimi nimesoma baiolojia shuleni miaka yote ile na hakuna mwalimu aliwahi kuniambia hivyo.

Pia kuna ile ya Fritz Müller, Mjerumani aliyekuwa Brazil, yeye 1878 akaonyesha kwamba hata wenye sumu wenyewe kwa wenyewe wanafanana, ili ndege akishajifunza kwa mmoja asijifunze tena kwa mwingine, hasara ya masomo wanaigawana.

Kwa ubao wa daraja tulipata siafu mweusi anatembea peke yake. Siafu peke yake tayari ni shida, hao hawatembei peke yao. Dada akasema hesabuni miguu. Nane. Ni buibui, ya kwanza miwili ameinua mbele anaitikisa kama vipapasio, kiuno amekiminya kionekane vipande vitatu, na hata mwendo ni ule wa zigizaga. Wawindaji wengi hawataki chungu kwa sababu wanauma, wana asidi, na wanaita wenzao, kwa hivyo buibui akijifanya chungu anaachwa. Kwa maua ya pale pale kulikuwa na nzi wa mistari ya manjano na nyeusi ambaye watu wawili walimkimbia wakidhani ni nyuki, huyo hesabu mbawa, nzi ana mbili nyuki ana nne, na hana mwiba kabisa.

Haya sasa yule mzee.

Tukafika kwa uwazi fulani na mzee akatoa kinyonga kwa tawi, dume wa pembe tatu, wale wa Jackson ambao wako hapa kwa bustani zetu za Nairobi na wanazaa watoto wazima badala ya kutaga mayai. Mnyama mzuri ajabu, jicho moja linaangalia wewe lingine linaangalia nyuma, na akitembea anayumba mbele nyuma mbele nyuma kama jani kwa upepo. Ningetosheka hapo. Lakini mzee akatangaza kwamba kinyonga anachukua rangi ya kitu chochote umemweka na akaomba mtu atoe kitambaa chekundu. Mama mmoja akatoa skafu, kinyonga akawekwa, watu wakatoa simu. Akageuka mweusi mweusi hivi. Mzee akasema "ameanza, mpeni dakika." Hakuna dakika hapo, mnyama ameogopa! Kinyonga kijani chake cha kawaida ndicho kinamficha kwa majani, ile kubadilika mara nyingi ni ya kuongea, kutisha dume mwenzake, kutongoza jike, kupata joto, kuonyesha amekasirika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva mwaka wa 2015 walionyesha kwa kinyonga wa Madagascar kwamba kwa ngozi kuna vifuwele vidogo sana, akiwa ametulia vimekaribiana, akichemka vinaachana, na nafasi kati yao ndiyo inaamua rangi gani ya mwanga inarudi. Haihusiani na skafu ya mtu.

Halafu akapitishwa mkono kwa mkono, watu zaidi ya ishirini, na kila picha akiwa begani ni 300 bob. Hiyo 300 haikuwa kwa ule ujumbe wa WhatsApp. Nililalamika kwa upole, "mzee wangu, si mmrudishe kwa mti sasa," akaniambia amezoea. Nyota moja nzima nimeitoa hapo na singeirudisha hata wakinirudishia pesa.

Lazima niseme haki, mzee ana stori tamu kama si za kinyonga. Alituambia kwa nini mtoto wa duma ana manyoya marefu ya kijivu mgongoni na tumbo jeusi, ati anafanana na nyegere, na hakuna simba mwenye akili anataka maneno na nyegere. Ni wazo ambalo wataalamu wenyewe wamelitoa kama dhana, halijathibitishwa, mzee aliliuza kama limetoka kwa Mungu, lakini ukimuona mtoto wa duma kwa mbali utakubali kuna kitu. Ya pundamilia alipatia. Kijana mmoja aliyekuja kwa project ya shule aliuliza kama mistari ni ya kujificha kwa nyasi, mzee akasema hapana, ni ya nzi wanaouma, wakija kwa kasi kutua kwa mistari wanashindwa kupiga breki. Hiyo ni kweli, mtafiti Tim Caro na wenzake waliwavalisha hadi farasi makoti ya mistari huko Uingereza, matokeo yakatoka 2019, na nzi walitua kidogo sana kwa hayo makoti.

Mramba alikuwa anapiga kelele pembeni ya msitu na dada akamalizia na yake. Kwa jangwa la Kalahari huyo ndege mweusi wa mkia wa panda anakaa karibu na wanyama wengine, anapiga kengele za ukweli mwewe akija hadi wanamwamini, halafu siku mmoja wao amepata mdudu mnono anapiga kengele ya uongo, wote wanakimbia, anashuka anachukua. Wakizoea sauti yake anabadilisha, anaiga sauti ya kengele yao wenyewe. Karibu robo ya chakula chake cha siku kinatoka kwa huo uongo. Tapeli wa downtown hana lolote.

Mambo mengine madogo. Kikundi kilikuwa kikubwa mno, ishirini na kitu, wale wa nyuma hawakuona nondo wala buibui, walikuwa wanaona mgongo wa jirani. Kijana mmoja alikuja na spika ya bluetooth na hakuna mtu wa kampuni alimwambia azime hadi mzee mmoja kati yetu wageni akamgeukia. Tulichelewa nusu saa tukingoja watu. Chai mwisho ilikuwa moto, mandazi yalikuwa ya jana. Hawana lenzi hata moja ya kukuza, kwa matembezi ya wadudu, bei hiyo! Beba yako ama utumie kamera ya simu.

Na msimu una maana kuliko wanavyokuambia. Kuna vipepeo wa kahawia pale chini kwenye majani makavu, wa kizazi cha mvua wana madoa ya macho wazi kwa ukingo wa mbawa ili ndege adonoe pembeni badala ya mwilini, na wa kizazi cha kiangazi madoa yamefifia wanakuwa kama jani lililokufa. Ni aina ile ile, joto la wakati wakiwa viwavi ndilo linaamua watoke vipi. Kwa hivyo ukienda baada ya mvua ndefu utaona macho, ukienda kukikauka utatafuta hadi uchoke na hiyo kwangu ndiyo raha yenyewe.

Nimewaandikia tayari nataka kurudi kiangazi: watu wasizidi wanane, dada ndiye atutembeze, kinyonga abaki kwa mti wake. Wamenijibu na kidole gumba tu, sijui kama hiyo ni ndiyo.